Nyota anapoumia, timu ya besiboli hupoteza kiasi gani?

Mwalimu wa Ilemela

Ndugu zangu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari katika Wilaya ya Ilemela, hapa Mwanza. Kwa miaka mitatu sasa nafundisha besiboli baada ya vipindi, katika kiwanja chenye kokoto na mawe makubwa upande mmoja, kwa vifaa ambavyo vingi tuliachiwa na mgeni kutoka Japani aliyekuwa akijitolea huku kwetu. Tuna wachezaji 14. Mmoja wao, kijana wa miaka 16 anayetoka Igombe, ndiye mrushaji wetu, yaani anayewarushia mpira wapigaji wa timu pinzani. Asiporusha husimama kati ya besi (vituo anavyokimbilia aliyepiga mpira) ya pili na ya tatu, ambako mipira mingi hupita, na katika kupiga zamu yake ni ya tatu. Kila palipo pagumu yupo yeye.

Wiki mbili zilizopita alianza kulalamikia maumivu upande wa ndani wa kiwiko. Mwanzoni yalimjia mazoezi yakiisha, baadaye yakawa yanamjia akifikisha mpira wa kumi au wa kumi na tano, na juzi nilimwona akibeba ndoo ya maji kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo si kawaida yake. Nimemsimamisha. Baada ya wiki tano tuna mashindano madogo ya shule nne, mechi tatu kwa siku mbili, na tangu nimsimamishe mazoezi yamepoa kabisa. Wenzake wanasema wazi kwamba bila yeye hakuna haja ya kwenda. Mwenzangu mmoja ofisini ananishauri nimchue, nimpe vidonge vya kutuliza maumivu, kisha nimchezeshe mechi ya mwisho peke yake.

Kabla sijaamua lolote kuhusu mashindano, ningependa kuelewa jambo lenyewe kwa upana wake. Nimesoma kwamba Atlanta Braves, timu ya ligi kuu ya Marekani, walimpoteza mchezaji wao bora mwaka 2021 na bado wakachukua ubingwa, ilhali timu nyingine nyota wake akiumia huporomoka. Tofauti hiyo inatoka wapi? Je, kweli mtu mmoja anaweza kuiangusha timu ya besiboli, au wanafunzi wangu wanakata tamaa kwa jambo lisilo na uzito wanaoudhania?

Mkesha wa Nyegezi

Mwalimu, pole kwa kijana, na umefanya vema kumsimamisha mapema. Nimefuatilia ligi ya Marekani kwa muda mrefu, mara nyingi usiku, kwa sababu mechi za jioni za miji ya mashariki kule huanza kwetu saa nane za usiku, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Kwanza tuitofautishe besiboli na soka tuliyoizoea hapa Kirumba na Nyamagana. Timu ya soka ikiwa na mshambuliaji mkali, wenzake wanaweza kumtafuta kwa mpira dakika zote 90. Katika besiboli jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa zamu za kupiga zimepangwa. Wapigaji ni 9, na mtu hata awe hodari kuliko wote duniani, lazima asubiri wenzake 8 wapite ndipo arudi. Katika mechi nzima atapata zamu 4 au 5. Ndiyo maana wanaotumia kipimo kiitwacho WAR, kinachokadiria ushindi ambao mchezaji anaiongezea timu kuliko vile angeiongezea mtu wa kawaida wa akiba, huona kwamba nyota wa juu kabisa analeta kama ushindi 8 hadi 10 katika msimu wa mechi 162. Akikosekana nusu ya msimu, timu inapungukiwa na ushindi 4 au 5. Si jambo dogo, kwa sababu kuna timu zinazokosa hatua ya mtoano kwa mechi moja tu, lakini pia si maporomoko.

Sasa hao Braves. Ronald Acuña Jr. alichanika ligamenti ya goti la kulia tarehe 10 Julai 2021 huko Miami, aliporuka kudaka mpira katika uwanja wa nje na kutua vibaya. Wakati huo timu haikuwa inafanya vizuri hata akiwapo, na ilifika Agosti ndipo idadi ya ushindi wao ikaanza kuzidi ya vipigo. Meneja mkuu wao, Alex Anthopoulos, hakumtafuta Acuña mwingine, maana hayupo. Alichukua watu wanne wa uwanja wa nje ambao hakuna aliyewaita nyota wakati huo: Joc Pederson, Adam Duvall, Jorge Soler na Eddie Rosario. Rosario akawa mchezaji bora wa fainali ya Ligi ya Taifa, mojawapo ya nusu mbili za ligi kuu, Soler akawa mchezaji bora wa World Series, fainali ya ubingwa wenyewe, na timu iliyomaliza msimu kwa ushindi 88 ikawafunga Houston Astros michezo 4 kwa 2. Nafasi moja iliyoachwa wazi iliwafanya watazame udhaifu wa safu nzima, wakaujaza kwa watu wa kutosha.

Linganisha na New York Yankees wa mwaka 2023. Aaron Judge aliumia kidole gumba cha mguu wa kulia mwanzoni mwa Juni, alipogonga geti la uwanja wa Los Angeles Dodgers akidaka mpira, akakosa mechi 42. Katika mechi hizo Yankees walipoteza nyingi kuliko walizoshinda, wakamaliza na ushindi 82 na kubaki nje ya mtoano. Aliyeziba pengo lake hakukaribia uwezo wake, na wapigaji waliomzunguka nao walikuwa chini ya kiwango, kwa hiyo warushaji wa timu pinzani hawakuwa tena na mtu wa kumwogopa.

Kuna jambo ambalo naona linasahaulika. Hasara ya jeraha haipimwi kwa ukubwa wa jina la aliyeumia, bali kwa umbali uliopo kati yake na anayeingia, na umbali huo huongezeka kila mtu mwingine anapoumia. Wa kwanza akitoka, anaingia mtu aliyekuwa benchi ambaye pengine alistahili kucheza tangu zamani. Wa pili akitoka, anaingia wa kutoka timu za chini. Wa tatu akitoka, wanachukua yeyote aliyepo. Braves haohao mwaka 2023 walishinda mechi 104. Mwaka 2024 walimpoteza mrushaji Spencer Strider baada ya kuanza mechi 2 tu, Acuña akachanika goti la pili mwezi Mei, kisha Ozzie Albies akavunjika kifundo cha mkono na Austin Riley akavunjika mkono. Walishuka hadi ushindi 89. Waliokolewa na mrushaji Chris Sale, mtu aliyekuwa ameandamwa na majeraha kwa miaka kadhaa, aliyeshinda mechi 18 msimu huo, nao wakaingia mtoano kwa tabu.

Na kuna upande wa Los Angeles Angels, ambao unanihuzunisha kila ninapoukumbuka. Mike Trout alicheza mechi 36 tu mwaka 2021 na 29 tu mwaka 2024, na mtu akiona mwaka huo wa 2024 walipoteza mechi 99 atasema jeraha lake ndilo lililowaua. Lakini kuanzia 2018 hadi 2023 walikuwa na Trout na Shohei Ohtani pamoja, na hawakumaliza hata msimu mmoja wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Nyota wawili wazima hawakutosha kuibeba timu isiyo na warushaji.

Kwa hiyo, mwalimu, waambie vijana kwamba mtu mmoja haiangushi timu ya besiboli.

Binti Nansio

Kaka Mkesha, nakubaliana nawe kuhusu wapigaji, lakini sikubaliani na jibu lako la mwisho, na naona litampotosha mwalimu.

Hesabu uliyotoa ni ya msimu wa mechi 162, ambapo mrushaji wa kuanza, yaani anayeifungua mechi, hupanda kwenye kilima kidogo cha kurushia mara moja katika kila siku tano au sita. Hata akiwa bora kabisa, ataanza mechi kama 30 hadi 33 tu. Mwalimu ana mechi tatu kwa siku mbili. Katika mashindano mafupi kama hayo, mrushaji mmoja mzuri anaweza kushika mpira katika kila tendo la mechi nzima, na uzito wake katika timu unakuwa mkubwa kuliko wa Acuña, Judge au mtu yeyote wa ligi kuu. Wanafunzi wake hawajakosea kuogopa. Mtu anayewaambia kwamba hawajapoteza kitu watamwona haujui mchezo, na hawatamsikiliza tena.

Mfano unaomfaa mwalimu ni Los Angeles Dodgers wa mwaka 2024. Ohtani alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko Septemba 2023, kwa hiyo mwaka wote alipiga tu bila kurusha. Tyler Glasnow alitoka mwezi Agosti, Clayton Kershaw akazuiwa na kidole cha mguu, Gavin Stone akaumia bega. Walipofika mtoano walikuwa na warushaji watatu tu wa kuanza wa kutegemewa. Katika mechi ya nne dhidi ya San Diego Padres, wakiwa ukingoni mwa kutolewa, hawakumwomba mtu mmoja abebe mzigo wote: walitumia warushaji 8, kila mmoja akafanya sehemu yake fupi, na wakashinda 8 kwa 0. Hatimaye wakawa mabingwa.

Njia hiyo haikufanya kazi kwa bahati. Inajulikana kwamba mpigaji anapomwona mrushaji yuleyule kwa mara ya pili na ya tatu katika mechi moja, humzoea na kumpiga vizuri zaidi. Mrushaji wa wastani akikutana na kila mpigaji mara moja tu, wastani wake hautaonekana sana. Mwalimu ana vijana 13 waliobaki. Achague wanne au watano wanaoweza kupitisha mpira juu ya besi ya nyumbani bila kutafuta kasi, awagawie iningi (vipindi vya mchezo) mbili mbili, na mazoezi ya wiki hizi tano yaelekee kwenye kudaka, kwa sababu mipira itapigwa na lazima kuwe na mtu wa kuiokota. Hawatakuwa timu ileile. Watapoteza pengine mechi ambayo wangeshinda. Lakini watakuwa na jambo la kufanya kila siku, na mazoezi yaliyopoa hupona kwa kuwa na kazi.

Fizio wa Nyakato

Mwalimu, mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na nimesoma swali lako mara mbili kwa sababu ya ile ndoo ya maji. Naomba hilo lishughulikiwe kabla ya mambo ya mashindano.

Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko kwa kijana anayerusha, yanayokuja mapema zaidi siku hadi siku, ni dalili ya mkono uliochoka kupita kiasi. Kwa mtu mzima tunaihofia ligamenti ya kiwiko. Kwa mtoto wa miaka 16 tunahofia pia sehemu ya mfupa ambayo inawezekana bado haijakomaa, kwa kuwa inapovutwa mara kwa mara inaweza kuharibika hata kabla ya ligamenti yenyewe. Apelekwe kwa daktari wa mifupa, apigwe picha, na asirushe hata mpira mmoja hadi aruhusiwe. Vidonge vya kutuliza maumivu kisha kucheza ni njia ya kuzima kengele huku nyumba ikiendelea kuungua, na mwenzako wa ofisini, kwa nia yake njema, amekushauri jambo la hatari.

Upasuaji unaozungumzwa sana, ulioitwa kwa jina la Tommy John, mrushaji wa kwanza kufanyiwa, ulifanywa mara ya kwanza na Dakta Frank Jobe mwaka 1974, kwa kuchukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili na kuitumia badala ya ligamenti iliyokatika. Tommy John alikosa msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, akaendelea kurusha hadi 1989. Watu husikia habari hiyo wakadhani kiwiko ni kitu cha kubadilishwa kama tairi. Kupona huchukua kama mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, chini ya wataalamu, na wapo wasiorudi kabisa katika kiwango chao. Kijana wa Igombe hatakuwa na timu ya madaktari nyuma yake.

Kwa umri wa miaka 15 na 16, mwongozo wa Marekani unaruhusu mipira isiyozidi 95 kwa siku, na aliyerusha 76 au zaidi anapaswa kupumzika siku nne kabla ya kurusha tena. Japani, ambako mashindano ya sekondari ya Koshien yanapendwa mno, kijana mmoja alirusha mipira 772 katika mashindano ya majira ya kuchipua mwaka 2013, na mjadala uliofuata ulikuwa mkali. Tangu 2020 wameweka kikomo cha mipira 500 kwa wiki moja. Mimi naona hata hicho bado ni kikubwa.

Nina swali, mwalimu. Unasema kijana anatoka Igombe. Je, nje ya shule mkono ule unafanya kazi gani?

Mwalimu wa Ilemela

Dada Fizio, swali lako limeniamsha. Leo nimemwita nikamuuliza, na akaniambia kwamba tangu mwaka jana huenda na mjomba wake kuvua dagaa usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi wakati wa giza, na kazi yake ni kuvuta nyavu. Hakuwahi kunieleza kwa sababu aliona si jambo la shule. Nilikuwa nikihesabu mipira anayorusha Jumatatu na Jumatano nikidhani mkono umepumzika tangu wiki iliyopita, kumbe unafika kwangu ukiwa umevuta nyavu usiku kucha mara mbili. Nimeangalia daftari langu la mazoezi: siku alizolalamika mwanzoni zote ziliangukia wiki za giza, na katika wiki za mbalamwezi, ambapo mitumbwi haitoki, hakuna lalamiko hata moja. Nimekuwa nalo daftari hilo mezani muda wote.

Dada Binti Nansio, umesema kweli na ninashukuru. Nimegawa warushaji watano. Mmoja wao ni msichana ambaye kwa mwaka mzima nilimweka uwanja wa nje wa kulia, na jana mipira yake 7 kati ya 10 ilipita sawasawa.

Kinachonitatiza sasa ni mjomba. Kijana anategemea fedha ile kwa madaftari na nauli, na sijui nianzie wapi bila kuonekana naingilia nyumba ya mtu.

Mzee wa Mwaloni

Mwalimu, nimekaa na mitumbwi ya dagaa zaidi ya miaka thelathini, besiboli siijui, lakini kuhusu nyavu naweza kukusaidia. Kuvuta ni kazi ya mabega na viwiko, na mtu mzima mwenyewe akimaliza giza moja anahitaji siku kadhaa mikono irudi. Usiende kumwambia mjomba amwache kijana, maana atasikia kwamba unamnyang'anya mtu wa kazi na kumnyima kijana riziki. Nenda mchana, siku za mbalamwezi, wakati watu wako pwani wakishona nyavu na wana nafasi ya kuzungumza. Mweleze kwamba mkono unauma na daktari ameagiza upumzike. Kisha omba abadilishiwe kazi: asubuhi kuna kuanika dagaa, kuna kuhesabu ndoo na kuandika mauzo, na kijana wa sekondari anaijua kazi ya kuandika kuliko wengi walioko pale. Malipo yatapungua kidogo lakini hayatakatika. Na usiende na mikono mitupu, nunua dagaa zake.

Mwalimu wa Ilemela

Shikamoo mzee, na ahsante sana. Nimefanya kama ulivyoelekeza. Nimeikuta familia ikishona nyavu, tumezungumza kwa muda mrefu, na mjomba alishangaa kusikia kwamba mchezo unaweza kuumiza mkono kiasi kile, kama mimi nilivyoshangaa kuhusu nyavu. Kuanzia giza lijalo kijana atakuwa nchi kavu. Picha imepigwa hospitali ya rufaa. Daktari ameona mfupa haujatengana, lakini ameagiza asirushe kwa wiki 8 na kisha arudi kwake, kwa hiyo mashindano atayakosa.

Amepokea habari hiyo kwa machozi, sitaficha. Nimemwomba akae karibu nami mechi zote tatu, ahesabu mipira ya kila mrushaji na kuniambia mtu akifika 40. Naomba ushauri wa mwisho kutoka kwa wenye uzoefu: zamu ya tatu ya kupiga nimpe nani? Nina kijana mwenye nguvu anayepiga mbali lakini hukosa mara nyingi, na nina mwingine mfupi ambaye huufikia mpira karibu kila mara ingawa hauendi mbali.

Binti Nansio

Mwalimu, mpe yule mfupi. Katika viwanja vyetu vyenye kokoto, mpira uliopigwa chini unadunda vibaya na watoto wengi hawaudaki, kwa hiyo anayeugusa kila mara atafika besi mara nyingi. Yule mwenye nguvu mweke wa nne, ili apige wakati tayari kuna watu kwenye besi. Na yule msichana aanze mechi ya kwanza, kabla wapinzani hawajajua kwamba mrushaji wenu wa kawaida hayupo.

Mkesha wa Nyegezi

Dada Binti Nansio amenisahihisha, na nakubali kwamba nilipima timu ya shule kwa kipimo cha ligi ya mechi 162. Kuhusu zamu ya tatu nina maoni kama yake. Mwalimu, nina glavu mbili za watu wazima ambazo hazitumiki. Nitazileta kiwanjani Jumatano saa kumi jioni, na nikikuta mnafanya mazoezi ya kuokota mipira ya chini nitabaki kusaidia kuipiga.